Mwalimu Aliyepima Joto la Shamba la Mahindi

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala dawa ya wadudu. Nitawaeleza habari za mtu mmoja ambaye utaalamu wake ulianzia katika shamba la mahindi, ukafika mpaka angani.

Ninayo sababu ya kumtaja. Msimu mmoja nilimkuta mzee amesimama kando ya shamba lake. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee. Mahindi yanaendeleaje?”

Akajibu, “Marahaba, mwanangu. Mahindi gani? Redio ilisema mvua ziko karibu. Wingu likaja, ikanyesha siku moja, nikapanda mbegu yangu yote. Tangu siku hiyo ni jua tu. Sasa hebu niambie, hao wataalamu wenu wanaona nini huko juu?”

Swali la mzee yule ni la haki. Na mtu wa kutusaidia kulijibu ni Verner Suomi.

Bwana Suomi alizaliwa mwaka 1915 huko Eveleth, mji wa machimbo ya chuma katika jimbo la Minnesota, Marekani. Asili ya ukoo wake ni Ufini. Alisomea ualimu, akahitimu mwaka 1938, akawa mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago kusomea hali ya hewa, na mwaka 1948 akaanza kazi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison.

Ilipofika zamu ya kuandika utafiti wake wa shahada ya udaktari, alioupata mwaka 1953, hakwenda mbali. Aliingia katika shamba la mahindi akiwa na vyombo vyake vya kupimia. Alijiuliza hivi: joto la jua linaloingia shambani linakwenda wapi?

Ni kama hesabu ya duka, ndugu wakulima. Kuna mapato na kuna matumizi. Joto linaingia kutoka kwenye jua. Sehemu yake inarudishwa juu, sehemu inapasha udongo, sehemu inapasha hewa, na sehemu inageuza maji ya udongo na ya majani kuwa mvuke. Udongo ukiwa na unyevu, joto jingi linatumika kukausha maji. Maji yakiisha, joto hilo hilo linageukia udongo na hewa, na ndipo unapoona majani ya mahindi yamejikunja saa sita mchana. Ndiyo maana bwana shamba anakusihi uweke matandazo: yanaukinga udongo usipigwe na jua moja kwa moja, na maji yanakaa zaidi.

Baada ya hapo Bwana Suomi akawaza jambo kubwa zaidi. Kama shamba moja lina hesabu yake ya joto, je, dunia nzima haina? Lakini ili kuipima dunia nzima lazima utoke nje yake. Basi yeye na mwenzake, mhandisi Robert Parent, wakatengeneza kipimo cha kupanda na roketi. Kilikuwa na vipande vidogo vyenye umbo la nusu mpira, vingine vyeusi, vingine vyeupe. Cheusi kinameza joto la jua na la dunia pia. Cheupe kinarudisha mwanga wa jua lakini kinapokea joto linalotoka duniani. Ukilinganisha hivyo viwili, unapata hesabu.

Kazi haikuwa rahisi. Mwezi Juni 1959 roketi ya kwanza ilishindwa kufika. Mwezi Julai roketi nyingine ilipotoka njia sekunde chache tu baada ya kuruka, ikabidi iangamizwe. Bwana Suomi hakukata tamaa. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, setilaiti Explorer 7 ilifika angani na kipimo chake ndani. Vipimo vile vilionyesha kuwa mawingu yana sehemu kubwa katika hesabu ya joto la dunia.

Uvumbuzi wake mashuhuri ulikuja mwaka 1966. Setilaiti inayokaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, inakwenda pamoja na mzunguko wa dunia, kwa hiyo inatazama mahali pale pale usiku na mchana. Lakini setilaiti za wakati ule zilikuwa zinazunguka kama pia ili zisipinduke. Utapigaje picha ukiwa juu ya pia? Bwana Suomi na mwenzake waliamua kuutumia mzunguko ule ule. Kila setilaiti inapozunguka mara moja, kamera inachukua mstari mmoja mwembamba wa dunia. Kisha inainama kidogo, inachukua mstari unaofuata. Ni kama mshonaji wa mkeka anavyounganisha ukili baada ya ukili. Kwa mizunguko 100 kwa dakika, picha nzima ilikamilika kwa dakika 20 hivi. Kamera hiyo ilipanda na setilaiti ATS-1 mwezi Desemba 1966. Sasa wataalamu wakaweza kupanga picha moja baada ya nyingine na kuona wingu linakotoka na linakoelekea.

Kuanzia mwaka 1977, nchi za Ulaya zilirusha setilaiti za Meteosat, nazo zikazunguka na kupiga picha mstari kwa mstari. Hizo zinaitazama Afrika, na picha zake zimetumika katika ofisi zetu za hali ya hewa.

Basi turudi kwa mzee wetu. Wataalamu wanaona nini? Wanaona wingu kwa juu. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Walisema dalili, hawakusema mvua yenyewe. Utabiri unahusu eneo kubwa, na mvua inaweza kunyesha upande huu wa kilima ikaacha upande wa pili. Setilaiti haijui ni maji kiasi gani yameingia katika udongo wako. Hilo utalijua wewe, ukipima kama Bwana Suomi alivyopima.

Tafuta kopo ambalo mdomo na kitako chake vina upana mmoja. Lifunge juu ya nguzo mahali peupe, mbali na mti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi, pima kina cha maji kwa rula, andika katika daftari, kisha mwaga. Milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba. Milimita 10 katika eka moja ni lita 40,000 hivi, yaani mapipa 200. Kabla ya kupanda, chimba kwa jembe uone unyevu umeshuka mpaka wapi. Ukikuta umeishia juu juu, subiri. Muulize bwana shamba wako ni milimita ngapi zinatosha kwa udongo wako, kwa maana kichanga na mfinyanzi havifanani.

Bwana Suomi alifariki mwaka 1995. Mwaka 2012 Marekani iliipa jina lake setilaiti ya kuchunguza dunia iliyorushwa mwaka uliotangulia. Ni heshima kubwa kwa mwalimu aliyeanza kwa kuhesabu joto kati ya mistari ya mahindi.

Na mzee yule? Msimu uliofuata nilikuta kopo juu ya nguzo shambani kwake. Akaniambia, “Mwanangu, redio naisikiliza, lakini mbegu haitoki ghalani mpaka na kopo liseme.”

Ndugu wakulima, sikilizeni utabiri, halafu pimeni. Kwaherini.