Mlio wa Pipa



Muulize mzee wa Lubumbashi juu ya 1961: hataanza na siasa, ataanza na mlio wa ndege. Mwezi wa 9, Fouga moja tu ya Katanga ilisumbua askari wote wa ONU, kwani wao hawakuwa na ndege ya vita. Ndipo zikaletwa J 29 za Uswidi, fupi na nene. Waswidi wenyewe waliziita Tunnan, yaani pipa. Desemba 1962 zikapiga kiwanja cha ndege cha Kolwezi.

Vita ilipoisha, nyingine ziliharibiwa huku huku Kongo. Lakini kule Uswidi mafundi wametunza J 29 moja hata leo inaruka, na watoto wanaipigia makofi. Siwalaumu, ingawa bibi yangu angeingia chini ya kitanda!

Yoshua sura ya 4, mawe 12 yalitolewa Yordani ili mtoto aulize, mzazi ajibu. Wao wanacho chuma. Sisi tuna wazee tu, na tunawazika kila mwezi. Jumapili hii, baada ya ibada, keti na mzee mmoja, umuulize alijificha wapi.