Sifongo wa Bahari na Haki ya Mwenye Mwamba

(Mazungumzo na wanakamati wa vigango, Kilimarondo)



Huenda mwashangaa kwamba nimekuja huku kwenye miombo na mikorosho kuzungumza habari za bahari. Neno sifongo twalisikia kila Ijumaa Kuu, lakini wachache wajua kwamba sifongo ni mnyama. Hana miguu wala meno. Hukaa ameshikamana na mwamba, akiyachuja maji apate chakula. Na kwa kuwa hawezi kukimbia, wengi wa jamii yake hujikinga kwa sumu. Sumu hizo ndizo wataalamu wanazozitafuta.

Karibu na mwaka 1950 mkemia Werner Bergmann alipata kemikali ngeni katika sifongo wa Florida, Marekani. Zikawa kielelezo cha kutengenezea sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa huko mwaka 1969 na ingali ikitumika. Mwaka 1986 Wajapani Hirata na Uemura walieleza kwamba kilo 600 za sifongo ziliwapa miligramu 12.5 tu za halikondrini B. Punje moja ya mchele ni nzito kuliko hiyo! Kama dawa ingetegemea kuvuna, miamba ingebaki mitupu. Wakemia wakajifunza kuunda maabarani dawa iliyoigwa kwayo, eribulini, iliyoidhinishwa mwaka 2010 kwa saratani ya matiti.

Hapo ndipo penye swali la haki. Kiwanda kikishalijua umbo la kemikali hakimhitaji tena sifongo, wala mvuvi aliyeuonyesha mwamba. Wenzetu wa Kenya walilia mwaka 2004 kwamba vijidudu vya Ziwa Bogoria vilikuwa vikiwatajirisha wageni bila wao kupata fungu. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, watambua mamlaka ya kila taifa juu ya viumbe wake, na wataka faida igawanywe kwa haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikatilia mkazo ridhaa ya wenyeji.

Nami sitaki tuwalaumu wageni peke yao. Baruti ya wavuvi wetu wenyewe imevunja miamba mingi ya pwani hii ya kusini, na sifongo waliokuwapo wamekwenda nayo kabla hajatokea wa kuwachunguza.

Huku kwenu hakuna sifongo, ila mizizi na magome ya dawa yapo. Akija mtu kuyaomba, mwulizeni kibali chake kabla ya kumwonyesha njia ya porini, na jina lake liandikwe katika daftari la kijiji, pamoja na jina la mti alioufuata.