Beki Naye Huleta Kombe: Hotuba kwa Wazazi na Wachezaji wa Lubao



Mtoto akipewa mpira hutaka kufunga mabao. Leo tumtazame Dorcas Shikobe, beki wa kati aliyekuwa nahodha wa Harambee Starlets.

Mwaka wa 2016 Kenya ilishiriki Kombe la Afrika la wanawake kwa mara ya kwanza, nchini Kamerun. Ilipoteza mechi zote tatu na kufungwa mabao 10. Novemba 2019, Starlets walitwaa kombe la CECAFA jijini Dar es Salaam kwa kuilaza Tanzania 2-0. Mabao yote mawili yalifungwa na Jentrix Shikangwa. Lakini tangu mechi ya kwanza hadi fainali, Kenya haikufungwa hata bao moja. Hiyo ni kazi ya mabeki na kipa. Shikobe pia amecheza ng'ambo, katika klabu ya Lakatamia nchini Cyprus.

Wazazi, jioni msichana hupewa mtungi, ndugu yake akaenda uwanjani. Wagawieni kazi sawa. Huenda beki wa kesho wa Kenya yuko kisimani sasa hivi, akingoja zamu yake.