Habari Mbaya Ikija Mapema

Somo: Matendo ya Mitume 11:27-30

Leo twataka kusema nanyi juu ya shida ya fedha. Wala si ile iliyokwisha kufika, bali ile ambayo ingali njiani, nasi tumekwisha kusikia habari zake.

Yuko mfanyakazi aliyeambiwa kwamba kiwanda kitapunguza watu. Yuko mkulima ambaye mvua imemkatikia, na mahindi yake yananyauka yakiwa yamefika magotini tu. Yuko mama mjane ambaye mtoto wake ameitwa shule ya sekondari, naye huhesabu karo kila usiku asipate usingizi. Hawa wote hawajaanguka bado. Wamepewa habari mapema. Swali letu ni hili: Mkristo azitumieje siku zilizobaki?

Twasoma ya kuwa manabii walitoka Yerusalemu wakafika Antiokia. Mmoja wao, Agabo, alionya kwa uwezo wa Roho kwamba njaa kubwa itakuja. Luka anaeleza kwamba ilikuja kweli, siku za Kaisari Klaudio. Basi tazameni walivyofanya waumini wa Antiokia. Hatusomi kwamba walimlaumu Agabo kwa kuleta habari mbaya. Hatusomi kwamba kila mtu alikimbilia sokoni ajifichie chakula chake. Waliamua pamoja kuwasaidia ndugu wa Uyahudi, kila mmoja kwa kiasi alichoweza, wakautuma msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Hapo twajifunza kwamba onyo ni neema. Shida inayojulikana mapema ina mlango wa kuiandalia. Na sisi twaweza kuutumia mlango huo kwa mambo matatu.

La kwanza ni kusema nyumbani. Wapo akina baba ambao wakipata barua ya kuachishwa kazi huificha kama aibu. Asubuhi mtu huvaa koti akatoka kana kwamba aenda kazini. Mke huendelea kununua vitu kama kawaida, watoto huomba viatu, naye hujibu, "Ngojeni mwisho wa mwezi." Siku mwenye nyumba anapokuja kutia kufuli mlangoni, ndipo mke anapojua. Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humfichua. Baba, mwambie mama watoto. Na wewe mama, kama una mikopo ya simu ambayo mumeo haijui, mwambie jioni hii. Hata watoto wakubwa waelezwe kwa upole. Mtoto aliyeelezwa huweza kuvumilia. Mtoto aliyefichwa hudhani kwamba hapendwi.

La pili ni kuhesabu. Katika 2 Wafalme mlango wa 4 twasoma habari za mjane aliyeachiwa deni, na mdai alikuwa akija kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimtaka aseme ana nini ndani ya nyumba. Hakuwa na kitu ila mafuta kidogo. Mungu alipoyaongeza mafuta yale, agizo lilikuwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Deni halikusahauliwa kwa sababu muujiza umetendeka.

Basi twaeni karatasi na kalamu. Andikeni mlicho nacho, mnachodaiwa, na kisichoweza kungoja. Mfanyakazi ajue haki yake: sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, na amlipe kila mmoja mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Fedha hizo huja kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo penye hatari. Wenye umri mkubwa watakumbuka kahawa. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, na katika miaka ya 1976 na 1977 bei ilipanda mno. Fedha nyingi ziliingia katika nyumba za wakulima wetu. Kisha bei ikashuka. Aliyekuwa amelipa karo au kununua ng'ombe wa maziwa alibaki na kitu mkononi. Aliyedhani bei ile itadumu alibaki na hadithi.

Mkulima naye ahesabu gunia. Mtu mmoja aweza kula karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka, basi jamaa ya watu sita isiuze mahindi yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili iyanunue tena kwa bei ya juu kabla ya mavuno mengine. Lakini yakaushwe vizuri. Tieni punje chache katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, mtikise. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yangali na maji. Mwaka wa 2004 zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao huko Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Akiba isiyotunzwa yaweza kuua.

La tatu ni kutomfungia jirani mlango. Masika ya mwaka 1984 yalipokosekana, nchi yetu ililazimika kuleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona na watu wengi wakakosa kazi, yako makanisa yaliyokusanya unga, maharagwe na sabuni. Hilo lilikuwa jema. Lakini Antiokia yatufundisha kuanza mapema zaidi. Kwa nini kila jamaa isilete debe moja wakati wa mavuno, likawekwa tayari? Nao wazee wa kanisa wampelekee mwenye shida usiku, bila kulitangaza jina lake. Wapo watu wanaoimba nasi kila Jumapili, na tangu jana hawajaonja chakula.

Labda mwingine atauliza, "Je, Bwana hakutukataza kuisumbukia kesho?" Ndiyo, alitukataza. Lakini anayesumbuka hukesha wala hafanyi neno; anayejiandaa hufanya lililo katika uwezo wake, akamwachia Mungu lililosalia, akalala. Nao wanaowaambia mtoe fedha za karo madhabahuni ili zirudi mara mia, msiwafuate. Elisha hakumtoza yule mjane hata tone moja la mafuta.

Twajua pia kwamba yuko anayetusikiliza ambaye hakupata onyo lolote. Ugonjwa ulikuja kwa siku moja, au moto, au kifo cha aliyekuwa akileta mkate. Ndugu, hatusemi kwamba umekosa imani. Wala hatuwezi kuwaahidi wengine kwamba wakijiandaa hawatapungukiwa. Ndugu wa Uyahudi walikuwa watu wa Mungu, na njaa iliwafikia hata hivyo. Lakini walikuwapo watu katika mji wa mbali waliokuwa wamekwisha kuwawaza na kuwatengea fungu. Ndivyo Mungu anavyowatunza watu wake mara nyingi: kwa mikono ya watu wengine. Basi usione haya kumwendea mchungaji wako, au mzee wa kanisa, au jirani, ukasema, "Nyumbani hakuna kitu."

Na wewe uliyepata habari mapema, usingoje Jumapili. Jioni hii, mkiisha kula hicho kilichopo, zimeni redio, keteni pamoja, mseme ukweli na kuandika hesabu. Halafu mwandike pia jina la jamaa moja ambayo hali yake ni ngumu kuliko yenu.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa maonyo yako. Wape waume na wake ujasiri wa kuambiana kweli. Utufundishe kuhesabu bila hofu na kutoa bila majivuno. Uwakumbuke waliokosa kazi, waliokosa mvua, na wanaodaiwa. Utufanye sisi kuwa mikono yako kwao. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.