Mtoto Anapolia, Mzazi Atulie Kwanza

Nasaha kwa wazazi na walezi wa watoto wadogo, iliyoandaliwa kwa mikutano ya kata na siku za kliniki ya mama na mtoto



Hakuna nyumba yenye mtoto mdogo isiyokijua kilio cha jioni. Mkaa bado haujashika, mama ametoka gulioni na miguu yamuuma, baba ndiyo kwanza aingia, na mtoto wa miaka miwili amejitupa sakafuni kwa sababu amepewa kikombe cha bluu naye alitaka chekundu. Mtu mzima hukiona kisa hicho kuwa upuuzi. Kwa mtoto ni msiba kamili, na namna mkubwa atakavyomjibu katika dakika hiyo ina uzito kuliko kikombe chenyewe.

Ni vyema ieleweke kwamba mtoto wa umri huo hawezi bado kujituliza mwenyewe. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humsaidia binadamu kuzuia jazba na kupima matokeo ya tendo lake, huendelea kukomaa hadi mtu avukapo miaka 20. Lugha ya mtoto nayo ni changa. Hujua kutaka kabla hajajua kueleza. Njaa, usingizi, joto, jino linaloota na wivu wa mdogo wake aliyezaliwa juzi, vyote hutokea kwa mlango mmoja wa kilio. Kinachoitwa jeuri, mara nyingi ni uchovu uliokosa maneno.

Kwa kuwa hana utulivu wake, mtoto huazima wa mkubwa. Huusoma uso, husikiliza sauti, huhisi mkono uliomshika umekaza au umelegea. Mkubwa akifoka, mtoto hupata sababu ya pili ya kulia, nayo ni hofu. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mlezi ni kuishughulikia hasira yake mwenyewe, kisha ya mtoto.

Kazi hiyo haihitaji fedha wala vifaa. Mlezi asimame, ashushe mabega, avute pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi kwa kinywa, mara nne au tano. Pumzi inayotoka kwa kirefu hupunguza mwendo wa moyo, na fikra hurejea. Kisha achuchumae hadi macho yake yalingane na ya mtoto, na aseme maneno machache kwa sauti ya chini: “Umekasirika. Ulitaka kikombe chekundu. Mama yupo hapa.” Mtoto akikubali kushikwa, ashikwe, akisukuma mkono, mlezi akae karibu na kungoja. Maswali na mafundisho yasubiri, kwani mtoto anayepiga kelele hasikii mawaidha. Mafundisho huingia baada ya machozi kukauka.

Wapo watakaouliza kama huku si kudekeza. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo hutumika kumwachia mtu mkaidi afunzwe na matokeo, lakini hakuna mzazi ampaye mtoto wa miaka miwili wembe wa kweli. Huuondoa mkononi mwake hata kama atalia hadi magharibi. Utulivu ndio huo: wembe unaondolewa, na mtoto hapigwi kwa kuulilia.

Mfano wa gulioni hulionyesha jambo hili vizuri. Mtoto ataka pipi, baba akataa, mtoto agaagaa mavumbini mbele za watu. Baba akimpa ili kuikwepa aibu, siku ya gulio ijayo mtoto atalia kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa amejifunza kwamba kilio hununua. Baba akimchapa, mtoto hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Njia ya tatu ni kusema “hapana” mara moja kwa sauti ya kawaida, kumbeba mtoto hadi kivulini, kukaa naye mpaka atulie, na hapana hiyo kubaki hapana.

Hapa wapita njia nao wana wajibu. Macho ya watu ndiyo hupandisha hasira ya mzazi. Kuliko kusema “mchape huyo”, jirani mwema humshikia mama kikapu au humtunzia nafasi yake kwenye foleni ya maji.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa ukatili. Aidha, inaeleza kwamba adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto haina uhalali, wala haina uhalali ile anayopewa mtoto ambaye kwa uchanga wake hawezi kuelewa kusudi lake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyechapwa kwa kumwaga uji haelewi uhusiano wa uji na fimbo. Huelewa maumivu tu.

Kwa watoto wachanga, jambo hili ni la uhai na mauti. Kilio cha mtoto mchanga huongezeka katika wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4. Katika kipindi hicho mtoto aliyenyonya, aliyebadilishwa nguo na asiye na ugonjwa anaweza kulia muda mrefu bila sababu ionekanayo. Mlezi anapohisi uvumilivu umekwisha, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje kwa dakika chache, avute pumzi, amwite ndugu au jirani ampokee. Kamwe mtoto asitikiswe. Shingo yake haijakaza na kichwa chake ni kizito. Mtikiso wa sekunde chache huweza kuvujisha damu ndani ya ubongo na kuleta upofu, ulemavu wa kudumu au kifo.

Pia yapo machozi yasiyotibiwa kwa kubembelezwa. Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri, apelikwe zahanati mara moja, hata kama ni usiku. Naye mama ambaye tangu ajifungue amegubikwa na huzuni, au anajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, amweleze mhudumu wa afya bila kuona haya. Huo ni ugonjwa unaotibika.

Hakuna mlezi asiyeteleza. Aliyefoka arudi baadaye amwambie mtoto, “Nilikufokea, nisamehe.” Heshima ya mzazi haipungui kwa neno hilo, na mtoto hujifunza namna ya kurekebisha kosa.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, imeyaweka malezi yenye mwitikio sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Mzazi aliyeelemewa anaweza kuanza kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ofisi ya mtendaji wa kata au Afisa Ustawi wa Jamii. Anayeshuhudia mtoto akifanyiwa ukatili apige simu namba 116, bila malipo, au afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Hasira hasara, na hasara yake kubwa huangukia aliye mdogo kuliko wote nyumbani.