Huruma na Ukweli kwa Waliokabidhiwa Watu Kazini



Tumepewa nafasi ya kunena machache juu ya wenzetu waliokabidhiwa watu kazini, wakiwa wanyapara, makarani wakuu au wakuu wa idara. Idadi yao katika chama chetu si haba, na manung'uniko juu yao huifikia halmashauri mara kwa mara.

La ajabu ni kwamba wengi hawanung'unikii ukali; mtu mkali huzoeleka. Wamlalamikia msimamizi anayecheka na kila mtu, asimwambie mfanyakazi hata siku moja kwamba kazi yake imelegea, kisha apeleke taarifa mbaya kwa wakubwa. Mwenyewe hupata habari siku ya kufukuzwa. Upole wa namna hiyo hatuuiti huruma.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imelishika vema jambo hili. Kifungu cha 41 chamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kazi hafifu au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi naye ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na maneno yao yasikilizwe. Tulizingatie sana hilo la lugha. Barua ya Kiingereza iliyotupwa mezani haimwelezi kitu mtu asiyeweza kuisoma.

Ugonjwa nao una kifungu chake, cha 30. Aliyetumika miezi miwili mfululizo, akileta cheti cha daktari, hupata siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Msimamizi anayezitoa asijisifu kuwa amemhurumia mgonjwa. Ametoa haki tu. Kwenda kumjulia hali, hiyo ndiyo yake mwenyewe.

Lililo gumu zaidi ni matanga. Mtu amefiwa na nduguye huko nyumbani, aomba siku nne, na kazi imebanana. Msimamizi akijua hawezi kutoa zaidi ya mbili, na aseme mbili asubuhi ile ile, hata kama amwambiaye ni mjomba wake. Mfiwa atapatana na jamaa zake juu ya siku ya maziko. Akiambiwa "tutaona", atakaa akingoja hadi basi la jioni limekwisha ondoka.

Twawaomba wasimamizi walio wanachama wampe katibu majina yao, ili tukae pamoja tuisome sheria hiyo kwa Kiswahili.