Muundo wa Protini Baada ya AlphaFold: Picha Tunayo, Protini Iko Wapi?

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahadhiri na wataalamu wa maabara, Dar es Salaam



Waandaaji wameniomba nizungumzie maendeleo ya karibuni katika utafiti wa muundo wa protini. Nitakwenda mbio mwanzoni ili nipate muda wa kukaa pale panapotuuma.

Protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20. Mnyororo hujikunja, hupata umbo, na umbo ndilo linaloamua kazi. Christian Anfinsen, aliyepata Nobel mwaka 1972, alionyesha kwamba maelekezo ya kujikunja yamo ndani ya mpangilio wa mnyororo wenyewe. Umbo la kwanza kuonekana, la mayoglobini, lilitoka kwa John Kendrew na wenzake mwaka 1958 kwa njia ya miale ya X. Mfano wetu wa darasani ni ule ule wa selimundu: glutamati moja ya mnyororo wa beta wa himoglobini inaondoka, valini inaingia, mtoto anaugua. Haya mnayajua.

Jipya ni hili. Mwaka 2020, kwenye CASP, shindano la kukisia maumbo ya protini, programu ya AlphaFold 2 ya kampuni ya DeepMind ilikisia maumbo kwa usahihi uliokaribia ule wa maabara. Kufikia Julai 2022 hifadhi yake ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200, bure kwa yeyote mwenye intaneti. Nusu ya Nobel ya Kemia ya 2024 wakagawana Demis Hassabis na John Jumper. Nusu nyingine akapewa David Baker, anayesanifu protini ambazo hazijawahi kuwepo katika maumbile. Ni hatua kubwa, wala sina nia ya kuibeza. Leo mwanafunzi anafungua kwenye simu umbo ambalo zamani lingeweza kummaliza mtu miaka yote ya uzamivu.

Taabu ilianza habari hii ilipowafikia wanaogawa bajeti. Nimesikia katika zaidi ya kikao kimoja kwamba maabara ya protini haihitajiki tena, kompyuta inatosha. Kwa heshima zote, na nikitambua ufinyu wa fedha, sikubaliani na kauli hiyo.

Tuchukue Kelch13, protini ya kimelea cha malaria ambayo mabadiliko yake huambatana na usugu dhidi ya artemisinini, nguzo ya dawa mseto. Badiliko la R561H, yaani arjinini ya nafasi ya 561 kuwa histidini, liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, kisha likaonekana Kagera. Programu ya aina ya AlphaFold ukiipa mpangilio wa kawaida, halafu ukaipa wenye badiliko la asidi amino moja, mara nyingi hukurudishia picha mbili zinazofanana kama mapacha. Ilifundishwa kukisia umbo. Haikufundishwa kupima kama umbo hilo litadumu ndani ya seli. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baadhi ya mabadiliko ya Kelch13 hupunguza kiasi cha protini hiyo. Kimelea hula himoglobini kidogo zaidi, na dawa, ambayo huamshwa na mabaki ya mlo huo, inakosa cha kuiamsha. Kiasi hakionekani kwenye picha. Hupimwa.

Linganisheni na DHFR, kimeng'enya kinacholengwa na pirimethamini iliyomo ndani ya SP, dawa ambayo wajawazito wetu bado wanapewa kliniki kujikinga na malaria. Timu ya Yongyuth Yuthavong ilichapisha umbo lake mwaka 2003. Ikaonekana jinsi asparajini iliyoingia nafasi ya 108 inavyogongana na atomu ya klorini ya dawa. Kutokana na umbo hilo wakasanifu P218, molekuli inayonyumbulika na kuukwepa mgongano huo. Kazi hiyo iliongozwa kutoka Thailand, nchi yenye malaria kama sisi. Walikuwa na protini yenyewe chupani.

Chupani ndiko niliko mimi miaka yote hii. Jenomu ya Plasmodium falciparum, iliyochapishwa mwaka 2002, ina takriban asilimia 80 ya herufi A na T. Bakteria E. coli, kiwanda chetu cha kila siku, huzisoma jeni hizo kwa kusuasua, na protini inayotoka hugandamana kama uji uliotiwa unga kwa pupa. Ipo, lakini haifanyi kazi. Mradi mmoja uliochapisha matokeo yake mwaka 2006 ulijaribu jeni 1000: zilizotoa protini ni 337, na zilizotoa protini inayoyeyuka ni 63 tu. Na sidhani kama wao walikuwa wakilala na hofu ya umeme kukatika.

Nafuu moja ni kuwapoza bakteria hadi nyuzi 18 wakati wa uzalishaji, wakitikiswa usiku kucha. Hapa Dar es Salaam chumba hakifiki baridi hiyo hata Julai, kwa hiyo baridi ni umeme. Ukikatika saa nane usiku, asubuhi unakuta mabonge. Jenereta ipo, lakini mafuta yako kwenye kifungu kingine cha bajeti na mwenye ufunguo amelala nyumbani kwake.

Kabla ya usiku huo kuna forodha. Bakteria walioandaliwa kupokea jeni husafirishwa ndani ya barafu kavu, ambayo huyeyukia hewani ndani ya siku chache. Sipingi vibali, vina sababu zake. Ninachopinga ni boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba liwekwe kwenye baridi kukaa rafuni Ijumaa hadi Jumatatu likisubiri sahihi moja, halafu maabara ilipie mzigo uliokwisha kufa.

Mapendekezo yangu ni haya. Maabara ziandae bakteria wake zenyewe kwa kloridi ya kalsiamu, njia ya zamani, rahisi, isiyohitaji ndege. Jeni ziagizwe zikiwa zimekaushwa, na zimeandikwa upya kwa msamiati wa E. coli; hizo hazidhuriki na joto la bohari. Vimeng'enya vya kawaida kama Taq tuvizalishe hapa na kugawana baina ya vyuo. Mamlaka husika zifikirie kibali kimoja cha mwaka kwa vitendanishi vya utafiti badala ya kibali cha kila boksi, na pawe na jokofu pale pale mzigo unaposhukia. Mafuta ya jenereta yaingizwe kwenye bajeti ya maabara, na ufunguo akabidhiwe mtu wa zamu ya usiku. Wanafunzi wafundishwe kusoma rangi za AlphaFold: sehemu ya njano na ya chungwa si umbo la kuaminika, na protini za kimelea hiki zina sehemu nyingi za namna hiyo. Tasnifu inayotegemea picha ya kompyuta pekee isipitishwe bila jaribio hata moja la maabara. Narudia suala la kibali, kwa kuwa lilipendekezwa pia kwenye semina zilizopita: kibali cha mwaka. Narudia na la mafuta.

Rasimu ya barua kuhusu kibali iko kwa katibu wa semina. Wakuu wa maabara waliopo naomba waisaini kabla ya chai, kwa sababu baadhi yao wanaondoka na basi la mchana.